Maswali ya Rowena

Mwanatumu Suleiman alifanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha simu cha hoteli ya Mkungu Bichi, Diani, na wageni wengi waliomfahamu hawakuwahi kumwona uso. Walimjua kwa sauti. Mtu akipiga simu kutoka Nairobi au Ujerumani kuulizia chumba, yeye ndiye aliyepokea na kumpangia, na mgeni akishafika alikuwa akisimama pale mapokezi na kusema anataka kumwamkia yule mama wa simu. Wengine walimletea chokoleti. Mwanatumu hakuzipenda chokoleti, lakini alizipokea kwa mikono miwili na kuzigawa kwenye basi la wafanyakazi.

Chumbani mle walikuwa watano. Mkubwa wao alikuwa Hesbon, mtu wa Kakamega aliyeteremka pwani akiwa kijana na kuzoea. Mdogo wao alikuwa Judy, aliyekuwa na mtoto wa miaka miwili na aliyemwita Mwanatumu Anti.

Mwezi wa pili hoteli ikapata wenyewe wapya. Mwezi wa tatu meneja, Bwana Kahindi, akawaita wote watano ofisini kwake, akawaambia kwamba kazi ya simu inahamishiwa Ufilipino, kwa kampuni inayopokea simu za hoteli nyingi duniani.

"Si uamuzi wangu," akasema.

"Ni wa nani basi?" Hesbon akauliza. "Tutajie tumfuate."

Bwana Kahindi akakunjua mikono, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu. Hata yeye, ilivyoonekana, alikuwa ameletewa habari hiyo kwa barua pepe.

Kabla ya kuondoka, kila mmoja alipewa mtu wa kumfundisha kazi kwa njia ya kompyuta, wiki nne. Mwanatumu alipewa mwanamke wa Manila aitwaye Rowena. Siku ya kwanza alimfundisha kwa ukavu: hapa unaandika jina, hapa tarehe, vyumba vya ghorofa ya juu havina lifti. Hakumwuliza hali. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amejiambia kwamba atamchukia mtu huyo, naye aliona ana haki.

Siku ya tatu Rowena akavua visikio vyake vya kichwani, akasogea karibu na kioo cha kompyuta.

"Dada," akasema kwa Kiingereza cha polepole, "najua ni kiti cha nani ninachokalia. Mama yangu ni mgonjwa wa miguu. Ningekataa, wangempa mwingine."

Mwanatumu akamwonyesha jinsi ya kufuta nafasi iliyowekwa mara mbili.

Mwisho wa mwezi wa nne wakakatiwa keki, wakapigwa picha, wakarudi makwao.

Kwa Mwanatumu, kwao kulikuwa Waa, nyumba ya vyumba vitatu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Binti yake wa pekee, Ummi, alikuwa ameolewa Lunga Lunga na alikuwa na duka la kumshughulisha. Ummi alipiga simu kila Ijumaa. Kwa miaka kumi na tisa nyumba ile ilikuwa ya kulala tu. Mwanatumu alitoka alfajiri akarudi jua likizama, na siku yake ya mapumziko alifua na kulala. Majirani walimheshimu. Walimpa salamu zote, za asubuhi na za nyumbani na za kazi, kisha wakaendelea na safari zao. Wao walikuwa wamezoeana kwa vyama, kwa harusi, kwa kuuguzana, na mambo hayo yote yalikuwa yamefanyika yeye akiwa Diani na simu sikioni.

Sasa alikaa. Alifagia uwanja asubuhi, akaufagia tena baada ya adhuhuri kwa kuwa majani yalikuwa yameanguka. Siku moja, alipokuwa akitia udhu wa alasiri, alitambua kwamba tangu kuamka, ukiacha kumwitikia mwadhini, hakuwa amefungua kinywa.

Wiki ya tatu simu yake ikalia. Namba ilikuwa ya ng'ambo.

"Dada Mwanatumu, ni mimi, Rowena. Samahani sana. Nina mgeni kwenye laini nyingine. Anatoka Nairobi kwa treni, ana watoto wadogo, anaogopa feri. Kitabu chetu hakisemi kitu."

Mwanatumu alikuwa na ufagio mkononi. Angeweza kusema sijui, na ingekuwa haki yake.

"Mwambie hana haja ya feri," akasema. "Akishuka Miritini, dereva ampitishe barabara ya Dongo Kundu. Itamtoa huku kusini moja kwa moja. Awape watoto maji, kuna joto."

"Asante, dada. Asante." Kisha, badala ya kukata, Rowena akauliza, "Umekula?"

Akapiga tena kesho yake. Safari hii mgeni alitaka kujua ni lini watoto wake wanaweza kutembea hadi kwenye fungu la mchanga. Mwanatumu akatoka nje, akahesabu siku za mwezi mwandamo kwa vidole. "Alhamisi itakuwa bamvua, maji yatatoka sana. Waende saa nne asubuhi, warudi kabla ya saa sita. Wavae viatu, kuna fuma wenye miiba. Kuogelea wangoje alasiri, maji yakijaa." Mwingine akauliza habari za tumbili wanaoingia vyumbani. Mwingine alikuwa mzee Mjerumani aliyemtaka Mwanatumu kwa jina, na Rowena hakujua amwambie nini.

"Mwambie nimepumzika," Mwanatumu akasema.

Ikawa desturi. Karibu kila siku, mnamo saa nne, Rowena alipiga au aliandika ujumbe. Mwanatumu akaanza kuoga mapema na kujifunga leso safi kabla ya saa hiyo, ingawa hakuna aliyemwona. Maswali yakiisha walizungumza: miguu ya mama yake Rowena, mvua za Manila zinazoingia hadi jikoni, bei ya mchele huku na kule. Mwanatumu akapata kumweleza jinsi mumewe alivyofariki, habari ambayo hakuwa amemsimulia mtu kwa miaka. Hakumwambia yeyote juu ya simu hizo. Hata Ummi hakumwambia.

Hesbon naye alikuwa akipiga, mara moja kwa wiki, na neno lake lilikuwa moja. Alikuwa amefungua kesi katika ofisi ya kazi, Kwale, kwa niaba yao watano. Alidai kwamba waliachishwa bila kushauriwa, na kwamba kazi yenyewe haiwezi kufanywa na mtu asiyeijua pwani.

"Wewe ngoja tu, Mama Ummi," alikuwa akisema. "Mtu wa Manila atajuaje maji ya Diani? Wageni watalalamika mpaka hao wenye hoteli watutafute wenyewe. Hiyo ndiyo ngao yetu. Malalamiko yakipanda, tumeshinda."

"Inshallah," Mwanatumu alijibu. Akajiambia kwamba maswali mawili matatu kwa siku si kitu. Hoteli hupokea simu mia kwa siku. Kesho yake, ilipokaribia saa nne, alikuwa ameshakaa barazani.

Kikao kiliitwa mwezi wa nane. Afisa wa kazi alikuwa mama mmoja wa makamo, mtulivu, aliyemsikiliza kila mtu mpaka mwisho. Hesbon alieleza kesi yao vizuri, amevaa koti licha ya joto. Kisha Bwana Kahindi akasimama na karatasi zake.

"Mheshimiwa, wenzangu wanasema huduma itaharibika," akasema. "Nimeleta rekodi za miezi mitatu. Malalamiko ya simu hayajapanda. Yamepungua. Na hii ni barua ya mgeni mmoja, naomba niisome."

Akasoma. Mgeni alikuwa ameshukuru kwamba mwanamke wa kwenye simu alimweleza siku ya bamvua, saa ya kwenda funguni na saa ya kurudi, hata akawakumbusha watoto wavae viatu. *Utadhani*, ilisema barua, *anaishi hatua chache kutoka baharini.*

Judy alimtazama Hesbon. Hesbon alifungua faili lake, akapekua kurasa mbili, akalifunga.

"Bwana Hesbon, una la kuongeza?" afisa akauliza.

Hesbon akatikisa kichwa. Mwanatumu angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Wangerudi kwao wakiamini kwamba walishindwa na watu hodari kuliko wao, na kesho saa nne simu ingelia kama kawaida.

Akasimama.

"Mheshimiwa, nipe ruhusa. Huyo anayesifiwa kwenye barua ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Maneno ya bamvua ni yangu. Na ya viatu. Yule mwanamke wa Manila hunipigia, mimi namjibu, naye anamjibu mgeni. Tangu mwezi wa tano." Akaitoa simu, akaifungua penye jumbe, akaiweka mezani mbele ya afisa. Afisa akasoma, akateremsha kwa kidole, akaendelea kuteremsha. Zilikuwa nyingi.

"Ulimjibu kwa ruhusa ya nani?" Bwana Kahindi akauliza, sauti imempanda.

"Sikuwa na ruhusa, Bwana Kahindi. Wala sikuwa na kazi."

Afisa akaahirisha kikao ili jumbe zile zinakiliwe.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Judy alimshika Mwanatumu bega kidogo kisha akaenda kutafuta gari, mtoto alikuwa ameachwa kwa jirani. Hesbon alibaki. Hakupaza sauti.

"Miezi mitatu, Mama Ummi."

"Ndiyo."

"Kila wiki nilikuwa nakueleza. Nikakwambia ngao yetu ni ipi. Ukaniambia inshallah."

"Sikudhani yangefika huku."

"Ulijua." Alivua koti, akalikunja mkononi. "Walikulipa?"

"Hata senti."

"Kwa nini basi?"

Mwanatumu alikuwa na majibu kadhaa ya heshima. Angeweza kumtaja mgeni mwenye watoto, angeweza kutaja huruma.

"Alikuwa akinipigia," akasema. "Hesbon, tangu tutoke mle chumbani, nani mwingine alinipigia akaniuliza kama nimekula?"

Hesbon mwenyewe alikuwa amepiga kila wiki, na kila wiki ilikuwa habari ya kesi tu.

"Haya," akasema mwisho. "Umesema mbele ya watu. Hilo nimeliona." Akaenda zake bila kumpa mkono.

Rowena akapiga asubuhi ya pili, saa ile ile. Mwanatumu alimwambia yote kabla hajaulizwa swali lolote. Upande wa pili zikasikika sauti za wengine wakipokea simu, wanawake kwa wanaume, kila mmoja akikaribisha wageni katika hoteli ambayo hajaiona.

"Msimamizi ameniita ofisini," Rowena akasema. "Nilikuwa sijui kwa nini. Ungeniambia kwanza, dada."

"Ningekwambia kwanza, nisingesema."

"Ndiyo," Rowena akajibu, polepole. "Labda usingesema." Halafu mtu akamwita, na simu ikakatika.

Mwanatumu alimwandikia siku hiyo, na Jumapili, na Jumatatu, akiuliza hali ya mama. Jumbe zote tatu zilisomwa. Hakuna iliyojibiwa. Mwezi uliofuata alijaribu kupiga, akaambiwa namba haipo.

Kesi ilimalizika kwa mapatano. Kazi ya simu ilibaki Manila, lakini hoteli ilikubali kuwarudisha watu wawili kwenye meza ya kushughulikia maswali ya mahali, kwa kuwa jumbe za Mwanatumu zilithibitisha kwamba maswali hayo yanahitaji mwenyeji. Alichaguliwa Judy, na mwenzao mwingine aitwaye Luqman. Mwanatumu hakuchaguliwa. Barua yake ilisema alitoa maelezo ya hoteli bila idhini akiwa si mfanyakazi. Hesbon alichukua haki zake akarudi Kakamega. Alimuaga Mwanatumu kwa ujumbe mfupi, wa heshima.

Judy alipiga siku yake ya kwanza kazini. "Anti, shikamoo! Ni kwa ajili yako, wallahi nimewaambia wote hapa." Mwanatumu akaitika marahaba, akamwuliza mtoto anaendeleaje. Nyuma ya Judy simu mbili zilikuwa zikilia kwa pamoja. "Ngoja Anti, nitakupigia," Judy akasema. Mwanatumu aliweka simu barazani pembeni yake mpaka jua lilipolifikia baraza, akaingia nayo ndani.

Baada ya siku kadhaa jirani yake, Esha, akapiga hodi. Alikuja kuazima sinia kubwa. Kulikuwa na msiba nyumba ya tatu kutoka pale, kwa kina Mwero, na sinia hazikutosha.

"Karibu ndani," Mwanatumu akasema. "Kaa kidogo, nikutilie chai."

"Haki sitaweza, nimeacha chungu motoni." Esha alichukua sinia, akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Wewe huji?"

"Marehemu sikumjua."

"Nani kakuuliza kama ulimjua? Njoo."

Akajitanda kanga akamfuata. Uwanjani wanawake walikuwa wamekaa juu ya mikeka, wakichambua mchele. Walimsogezea nafasi, wakamtilia mchele kwenye ungo. Mazungumzo yao yalirudi yalikokuwa: shamba la mtu fulani, ndoa ya mtu fulani, majina ambayo yeye, mzaliwa wa upande ule, hakuweza kuyapa sura. Hakuna aliyemwuliza neno. Mwanatumu akaupeta mchele, akauinamia, akatoa vijiwe kimoja kimoja na kuviweka kando, akisikiliza.