Ndege Iliyosifiwa

Kokushubila alisimama mlangoni, sindano bado mkononi, akaitazama ndege yake ya kuchezea inavyoondoka. Haikuwa ikiruka. Ilikuwa imelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la Bwana Pelamu, Mzungu wa kazini kwa mumewe, bawa moja likichungulia dirishani, na gari lilikuwa linayumbayumba kwenye mashimo ya njia ya Kiwalani kuelekea barabara kubwa. Mumewe, Leodegar, alikuwa anapunga mkono. Anapunga mkono! Kama mtu anayemuaga shangazi.

"Umefanya nini, Baba Adelina?"

"Mie? Nimesema tu maneno ya adabu."

Na ni kweli, yalikuwa maneno ya adabu, na ndiyo yaliyowaponza.

Leodegar alikuwa mtu wa Bukoba. Jeshini alifundishwa mambo ya redio, na vita vilipokwisha akapata kazi katika karakana ya redio ya serikali, chini ya huyo Bwana Pelamu. Mtu wa bara akifika pwani, ama huudharau ustaarabu wa watu, ama huukumbatia mpaka wenyewe wakaona haya. Leodegar aliukumbatia. Shida ilianzia kwa Muhsin, mwenye duka la pembeni, Mwarabu ambaye babu yake alizaliwa papa hapa. Nyumbani kwa Muhsin ukilisifu birika, husema, "Chako hicho," akakusogezea. Nawe unalirudisha: "Kimepata mwenyewe, Mungu akubakishie." Mnacheka, kahawa inamiminwa, birika linabaki pale pale lilipokuwa tangu enzi za babu.

Siku ya kwanza Leodegar aliisifu saa ya ukutani, akaambiwa ni yake, nusura azirai. Alipofundishwa jibu lake, aliipenda desturi ile kupita kiasi. Tangu hapo kila kilichosifiwa nyumbani kwake kilikuwa chako. Baiskeli chako, kofia chako, hata ngeli za maneno alizisahau kwa ukarimu. Walikuwa na kuku mmoja mweupe aliyekwisha gawiwa Kiwalani nzima, na kila jioni alilala bandani kwao, kwa sababu Kiwalani nzima ilijua kujibu.

Kokushubila hakuwahi kuipenda. "Kwetu ukimpa mtu kitu, umempa," alikuwa akimwambia. "Kama hutaki kumpa, unanyamaza. Mdomo si mlango wa kanisa, uwe wazi siku zote." Leodegar alicheka tu. Mwiga tembo hupasuka msamba, na wake ulikuwa bado haujapasuka.

Ukapasuka Jumapili ile. Bwana Pelamu alikuwa amesikia kazini kwamba fundi wake ana ndege ya kuchezea inayoongozwa kwa redio, na yeye na wenzake walikuwa na chama chao cha ndege kama hizo. Akaja kuona. Akaingia chumba cha nyuma, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Nzuri. Nzuri sana, Leodegar."

"Yako hiyo, Bwana," akajibu Leodegar, akainama.

Na yule bwana akaichukua. Hakuuliza mara mbili. Alisema asante, uso unamng'aa kama mtoto wa sikukuu, akaibeba mikono miwili mpaka garini. Hakuwa mwizi, na hilo ndilo lililomchoma Kokushubila zaidi. Mwizi unampigia kelele. Huyu umpigie nini?

Tena haikuwa ndege ya kuokota. Mbao zake nyepesi kama pamba zilitoka ndani ya boya la kuokolea la meli ya vita, lililotupwa kama takataka kule Kurasini. Leodegar alizichonga kwa wembe, akaziunganisha mbavu za bawa moja moja juu ya meza ya kulia chakula, na tangu hapo familia ikawa inakula mkekani. Mbavu ni mbavu tu, hazirushi kitu mpaka zivikwe. Karatasi walijaribu, ikapasuka. Ndipo Kokushubila akafungua sanduku, akatoa shela yake ya harusi, hariri tupu, ambayo marehemu mama yake aliinunua akamkabidhi kwa machozi. Aliikata kwa mkono wake mwenyewe. Nusu aliivika mabawa, akaishona kwa mishono midogo isiyoonekana, akaipaka dawa ya kukazia yenye harufu ya ndizi mbivu, mpaka nyumba nzima ikanuka Bukoba. Nusu ya pili aliirudisha sandukuni.

Na ndege ile ilikuwa na ahadi. Jumapili iliyofuata ilikuwa sikukuu ya misheni ya Pugu. Padri wa pale ndiye aliyewaombea kibali cha kurusha mawimbi ya redio, na sharti lake lilikuwa moja: siku ya sikukuu, ndege iruke mbele ya watu wote. Adelina, binti yao, alikuwa akisoma kwa masista, naye angekuwapo. Alikwisha watangazia wenzake wote kwamba ndege ya baba yake imevaa shela ya mama yake. Wenzake walimwita mwongo.

"Kesho utakwenda kazini, utamwambia airudishe," alisema Kokushubila.

"Nitamwambiaje? Kitu nimempa kwa mdomo wangu."

"Kwa mdomo huo huo!"

"Mama Adelina, yule ni mkubwa wangu. Akinuna atanihamishia Lindi."

"Basi twende Lindi! Huko nako utagawa nini? Mie?"

Usiku ule ugali ulikuwa mgumu kwa makusudi.

Kesho yake Kokushubila alikwenda dukani, akamweleza Zubeida, mke wa Muhsin. Zubeida alianza kucheka, akashika kiuno, kisha kicheko kikamkauka.

"Akaichukua? Akaichukua kweli kweli?"

"Akaondoka nayo."

"Yarabi! Hakusema kimepata mwenyewe?"

"Kasema asante."

Zubeida alikaa kwenye gunia la mchele. "Shoga, mie nimezaliwa humu, na mama yangu kazaliwa humu, sijapata kusikia. Ukishatoa hudai, ni aibu. Lakini kupokea ndiyo aibu kubwa zaidi. Huyu hana kwao?"

Kwao alikuwa nako, na magari, na chama, na masanduku ya ndege zilizoletwa kwa meli. Hilo ndilo lililomfanya Kokushubila arudi nyumbani akipigapiga vyombo. Mtu mwenye ndege tele kuja kuchukua moja ya mtu asiye na meza ya kulia! Na kinachosemwa ni kwamba watu hawa wamekuja kutufundisha ustaarabu.

Kitu kimoja tu Bwana Pelamu hakukichukua, kwa sababu hakukiona. Kilikuwa uvunguni mwa kitanda: kisanduku cha kurushia mawimbi, chenye fimbo ndefu ya chuma na kitufe kimoja. Ukibonyeza, mkia wa ndege unakata kulia. Ukiachia, unanyooka. Ukibonyeza tena, unakata kushoto. Ndege ile ilisikia kisanduku kile tu. Visanduku vya chama cha Bwana Pelamu vingepiga kelele mpaka asubuhi, isingegeuza hata shingo.

Jumatano gari likarudi. Kokushubila alilisikia tangu kwenye mashimo, na hapo akafanya jambo ambalo majirani walilisimulia muda mrefu. Alikusanya kanga zake zote, akafunika kila kitu. Alifunika meza, cherehani, redio, baiskeli, picha ya harusi. Kuku mweupe alimtupia tenga. Bwana Pelamu alipoingia, alikuta nyumba imejaa vinundu vya kanga, na mwenye nyumba amesimama katikati, mikono kifuani.

"Shikamoo, Bwana," alisema Kokushubila. "Leo hakuna cha kusifu."

Bwana Pelamu hakuelewa. Alikuwa amebeba ndege, na Kokushubila alipoiona, mikono ilimshuka. Bawa la kushoto lilikuwa limevunjika katikati. Hariri imechanika, inaning'inia. Pua imejaa mchanga.

"Haikusikia," alisema yule bwana, kwa masikitiko ya kweli. "Ilikwenda tu, mpaka mwembeni. Leodegar atengeneze. Nitakuja Jumamosi jioni. Na ile mashine ya kuongoza pia, tafadhali. Jumapili chama chetu kina mashindano."

Jumapili! Siku ile ile ya Pugu. Alipewa kidole, akashika mkono, na sasa alikuwa anauliza bega liko wapi.

Leodegar aliporudi kutoka kazini aliikuta ndege juu ya meza. Alivua shati, akawasha taa, akakaa. Alizitoa mbavu zilizovunjika, akachonga nyingine, akaunganisha uti wa bawa kwa kibanzi cha mwanzi na gundi. Akafungua injini, akaiosha mchanga kwa mafuta ya taa, akajaribu kuizungusha kwa kidole mpaka ikalainika. Alikuwa fundi, hilo hakuna aliyembishia. Tatizo lake halikuwa mikono.

"Sishoni," alisema Kokushubila. "Nikishona, basi nimemshonea yeye."

"Sawa."

"Na hariri sitoi."

"Sawa, Mama Adelina."

Angebisha, wangegombana, na Kokushubila angepoa. Lakini alisema sawa, akaendelea kulipiga msasa bawa lile uchi, kichwa kimeinama. Kokushubila alivumilia siku mbili. Ijumaa akafungua sanduku. Ndege haikumkosea. Aliitoa nusu ya pili ya shela, akaivika, akashona kwa hasira, na mishono ikatoka midogo kuliko ya kwanza. Alipomaliza akazikata nyuzi kwa meno, akamwangalia mumewe.

"Hii ndiyo ya mwisho. Shela sina tena. Ukiigawa hii, Baba Adelina, usinigawe nusu nusu, nigawe na mie kabisa."

Leodegar aliitazama ile hariri kwa muda. "Nilikuwa nadhani kila mtu anajua kujibu," alisema taratibu.

"Anayejua ni mtu anayekuona mwenzake."

Jumamosi jua lilipopungua walipeleka ndege kwenye uwanda ulio upande wa reli, kuijaribu. Majirani walifuata bila kualikwa. Muhsin alifunga duka, jambo ambalo halifanyiki isipokuwa kwa msiba, akaja na Zubeida. Bwana Pelamu naye akafika, akaegesha gari kando, akasimama na saa yake mkononi kama mtu aliyekuja kuchukua nguo kwa fundi.

Leodegar alisimika ile fimbo ya chuma, akakagua betri, akasokota mpira wa kugeuzia mkia. Kokushubila ndiye aliyeishika ndege. Injini ilikohoa mara kadhaa, ikatoa moshi wa mafuta ya nyonyo, ikashika. Akakimbia nayo kinyume cha upepo, kanga imefungwa kiunoni, akaiachia.

Ikapanda. Leodegar alibonyeza, ikakata kulia juu ya vichwa vya watu. Akaachia, ikanyooka. Akabonyeza tena, ikakata kushoto, na jua likapita ndani ya hariri, mbavu zote zikaonekana. Zubeida alipiga kigelegele. Muhsin alisema "Mashallah" mara nyingi bila kupumua. Kokushubila hakupiga kelele. Alikuwa anaitazama shela ya mama yake ikizunguka juu ya Kiwalani. Injini ilipoishiwa mafuta, ndege ilishuka kimya, ikagusa nyasi, ikateleza, ikasimama karibu na miguu ya Leodegar.

Bwana Pelamu aliiendea kwa hatua ndefu.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana, Leodegar!"

Kila mtu pale alijua mdomo wa Leodegar hufanya nini ukisikia neno hilo. Kokushubila alikuwa mbali, hawezi hata kumkanyaga mguu. Aliona midomo ya mumewe inafunguka. Aliona mkono wa yule bwana umekwisha shika bawa.

"Asante, Bwana," alisema Leodegar. "Ni nzuri kweli. Mke wangu ndiye aliyeivika. Kesho inaruka Pugu."

Akainama, akautoa ule mkono kwenye bawa polepole, kama anavyotoa ubavu uliovunjika, akainua ndege.

"Lakini ulinipa," alisema Bwana Pelamu. Uso ulikuwa umemwiva. "Wewe mwenyewe ulisema ni yangu."

"Nilisema, Bwana. Ulitakiwa ukatae."

"Nikatae? Kwa nini nikatae?"

Leodegar alimtazama kwa huruma, ingawa Lindi ilikuwa mbali na Jumatatu ilikuwa karibu. "Kwa sababu ni adabu," alisema.

Muhsin, ambaye kwa kawaida aliogopa maneno ya wakubwa, alikohoa, akasema kwa upole kwamba ni hivyo, Bwana, ndivyo tulivyo. Bwana Pelamu aliwaangalia wote, mmoja mmoja, akitafuta mtu wa kumwambia kuwa ni mzaha. Hakumpata. Akageuka, akaenda kwenye gari lake.

Kokushubila alipokea ndege kwa mumewe. Angeweza kwenda zake nyumbani, kwa kuwa alichokitaka alikuwa nacho mikononi. Lakini hasira ya wiki nzima haimaliziki kwa ushindi tu. Akapita karibu na lile gari, akalitazama toka taa mpaka taa, akaupapasa ubavu wake kwa ncha ya kidole.

"Gari lako zuri, Bwana," alisema. "Zuri sana."

Watu walingoja.

"Asante," alisema Bwana Pelamu, akaingia haraka, akafunga mlango, akapandisha na kioo.