Chini ya Wembe

"Inua kidevu kidogo," Haidari alisema, na Mkuu wa Majeshi yote ya nchi akainua kidevu.

Mlangoni, mlinzi mwenye suti iliyombana mabega aliacha kutazama barabara, akautazama wembe. Haidari alimwonea huruma. Mtu amefunzwa kuogopa kila chenye makali, na leo makali yako kooni mwa mkubwa wake naye hana la kufanya.

Mkubwa huyo, Nalianya, alikuwa akinyolewa katika kibanda hiki cha Shauri Moyo tangu alipokuwa koplo wa kambi ya Eastleigh, mwembamba kama ufito, akija kwa miguu kila Jumapili. Vyeo vilipanda, nywele zikapungua, kiti kikabaki kilekile. Ijumaa iliyopita taarifa ya habari ya saa saba ilitangaza kwamba ameteuliwa kuwa mkuu wa wanajeshi wa nchi kavu, wa majini na wa angani. Wote hao chini ya mtu ambaye Haidari alijua ana kovu la tetekuwanga nyuma ya sikio la kushoto.

Tangu Ijumaa hiyo Haidari hakutulia. Mwanawe Musab alikuwa na miaka ishirini na mitano, na makurutu wangechaguliwa Jumanne. Alikwisha kujaribu mara mbili akarudi na vumbi tu, na mwakani umri ungemtupa nje.

"Baba Musab," mkewe Muhiba alimwambia asubuhi, akimmiminia chai, "mtu huyo anakupa koo lake. Wewe mwombe neno moja tu."

Hata Makokha, fundi viatu wa kibanda cha pili, alimvuta kando. "Kinyozi hajinyoi, bwana. Leo ukinyamaza, mimi na wewe tumekosana!" Alisema hivyo ilhali mwanawe mwenyewe, Luseno, alikuwa akikimbia na Musab kila asubuhi kuzunguka uwanja wa Kamukunji, wakijiandaa kwa Jumanne hiyohiyo. Makokha alikuwa mtu wa namna hiyo, na Haidari alimpenda kwa hilo.

Lakini kulikuwa na mwiko. Marehemu babake Haidari, aliyemfunza kazi, alimwachia sharti moja: mtu akiwa chini ya wembe haombwi kitu. Haombwi pesa, haombwi binti, haombwi hata radhi. Mwenye chuma kooni atakubali lolote, na kukubali huko si kukubali. Mzee alimtandika siku moja kwa mkanda wa kunolea kwa kumwomba mteja peremende.

Kwa hiyo Haidari alinyoa na kunyamaza, neno lake limemkwama kama mwiba wa samaki.

"Umekuwa bubu leo," Nalianya alisema ndani ya povu.

"Nakuogopa, Jenerali."

"Acha hizo, wewe!"

"Haya. Basi huko juu kazi yenyewe ni nini hasa?" Kuuliza si kuomba.

Nalianya alifikiri. "Nilidhani ni kuamuru. Kumbe bunduki sitashika tena, nitashika kalamu. Huyu anataka meli, yule anataka ndege. Aliye juu yangu ni mmoja tu, huyo namshauri. Waliobaki wote kazi yangu ni kuwakatalia." Akacheka kidogo. "Tangu Ijumaa nimepokea wageni arobaini. Wajomba nisiowajua, shemeji wa shemeji. Kila mmoja ana mtoto wa Jumanne."

Wembe ulisimama. Mlinzi akapiga hatua moja ndani. Haidari akaendelea kunyoa.

Alipomaliza alipaka shabu, akaufuta wembe, akaukunja na kuufungia katika droo. Akaondoa shuka shingoni mwa mteja wake na kulikung'uta nje. Nalianya alisimama, akajitazama kiooni.

"Nitakukosa, Haidari. Kuanzia kesho nanyolewa kambini. Wamesema wembe wa nje hauruhusiwi."

Hilo lilimuuma Haidari kuliko alivyotarajia. Miaka thelathini na mitano! Lakini wembe ulikuwa drooni na mtu amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na kama ni kusema, saa ndiyo hiyo.

"Nalianya," alisema. "Na mimi nina mtoto wa Jumanne."

Jenerali hakukasirika. "Nusu saa nzima nilikuwa mikononi mwako. Mbona hukusema?"

"Ulikuwa chini ya wembe."

Nalianya akaketi tena, pembeni mwa kiti. Akatoa kalamu na kipande cha karatasi.

"Wale arobaini niliwakatalia. Wewe nitakuandikia. Ila ujue jambo moja kwanza. Nafasi za upande huu ni thelathini. Nikimwandika Musab, yule wa thelathini atarudi kwao hata kama alikimbia vizuri. Mimi sitamjua ni nani. Wewe huenda ukamjua. Sema tu, naandika."

Ng'ambo ya mabati Makokha alikuwa akigonga misumari na kuimba wimbo wa kanisani. Haidari alitaka kusema andika. Alitaka kwa moyo wake wote, na hilo lisifichwe, maana mtaa huu unapenda kuwafanya watu mawalii. Alimwona Muhiba na birika lake la chai. Alimwona Musab akirudi na vumbi mara ya tatu.

"Usiandike," alisema.

Kalamu ikarudi mfukoni. Jenerali alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kama watu wanavyoshikana msibani, akatoka.

Gari halijafika kona, Makokha akachungulia. "Enhe! Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Afadhali! Afadhali, ndugu yangu!" Uso wote ulimng'aa, na Haidari akajifanya anatafuta ufagio.

Nyumbani alimkuta Musab barazani akisugua raba zake kwa mswaki mkuukuu, povu hadi viwikoni. Hakuinua macho.

"Baba, umeongea naye?"

"Tumeongea."

"Akasemaje?"

Haidari alichuchumaa kando yake, akachukua raba ya pili na kuanza kuchokoa udongo kwenye soli.

"Kasema ule vizuri kesho," alijibu, "na ile raundi ya mwisho usitazame nyuma."

Musab akatabasamu mpaka masikioni, akammwagia babake maji mikononi. Waliziegemeza raba ukutani penye jua, ncha zikiangalia juu, wakakaa wote wawili kuzitazama zikichuruzika.