Tume ya Mikono Mingi

Usiku wa jana niliota nimeitwa kwenye kikao chini ya maji, na jambo la kwanza nililoambiwa ni kwamba nimekosea kuja na viatu.

"Vua," akasema kaa aliyekuwa mlangoni. "Hapa mtu hutambuliwa kwa nyayo."

Nieleze kidogo, nisije nikaonekana nimeota ovyo. Kazi yangu ni kubandika lebo kwenye chupa za vielelezo katika kituo cha utafiti wa bahari hapa Mafia, na wiki nzima tulikuwa tunashughulika na nyota-manyoya. Huyu ni mnyama wa mwambani, ndugu yake kiti cha pweza. Ana mikono mingi laini kama manyoya ya kuku, na ukimwona mara ya kwanza utadhani ni ua. Aina zake ni chungu nzima, na zinafanana kama zimekubaliana kutusumbua. Daktari wetu ana kanuni zake. Usitazame rangi, inadanganya. Mgeuze uone kucha anazoshikia mwamba. Hesabu mikono. Na ikigundulika kiumbe kile kile kimepewa jina mara mbili, jina la kwanza linabaki na la pili linafutwa.

Nyumbani nako kulikuwa na suala la jina. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa anatimiza siku saba, siku ambayo kwetu mtoto hupewa jina. Mimi na mke wangu Siwema tulishachagua Tamimu, kwa kunong'onezana. Lakini katika ukoo wetu kila kifungua mimba wa kiume huitwa Mikidadi. Mimi ni Mikidadi. Babu alikuwa Mikidadi. Ukiita "Mikidadi!" harusini, nusu ya jamvi inasimama. Shangazi yangu Bi Mwajabu, aliyekuja kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto, na ambaye hakuna jambo la ukoo asilotia mkono, alitangaza jana jioni kwamba mtoto ni Mikidadi. Mimi nikajibu, "Naam, shangazi." Siwema akaacha kusema nami tangu hapo.

Basi navua viatu, naingia.

Ukumbi ni mwamba wa matumbawe, lakini pia ni ofisi ya kata, maana kuna viti vya plastiki na bango linalokataza kutema mate. Juu ya kila kiti kuna nyota-manyoya. Wajumbe wanakunywa chai. Mwenyekiti ni mkubwa kupita wote, mweusi mwenye ncha za njano, mikono yake haina idadi, na kila mkono umeshika jambo: mmoja faili, mwingine kisu cha vitunguu, mwingine sikio la mjumbe wa jirani. Ananukia udi.

"Shikamoo, shangazi," nasema.

"Mimi si shangazi yako. Mimi ni Mwenyekiti." Sauti ni ya shangazi. "Mgeuzeni."

Nageuzwa miguu juu. Karani anaanza kusoma. "Vidole vifupi. Kidole gumba kinatazama pembeni. Visigino vina nyufa."

"Na rangi yake?" anauliza mjumbe mgeni.

Kikao kizima kinaguna. Mjumbe anaamriwa atoke nje, na anatoka akiwa amegeuka mwekundu kwa aibu, jambo ambalo halikuandikwa.

Kisha inaletwa chupa kubwa, na ndani yake yumo Babu. Amekaa amekunja magoti, kofia kichwani. Rangi imemtoka yote. Imeingia kwenye spiriti, ambayo sasa ni ya zambarau.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Waambie wanitoe humu. Mimi maisha yangu yote sikuonja hata tembo la mnazi, leo nimetiwa kwenye spiriti mpaka shingoni."

"Ni kwa ajili ya kukuhifadhi, mzee," anasema karani.

"Nilikuwa nimehifadhika vizuri tu kaburini."

Wanalinganisha. Nyayo zile zile. Wanatuambia tukohoe, tunakohoa, kikohozi kile kile. Wanatupa chai, nami namimina yangu kwenye kisahani, napuliza. Nikiinua macho namwona Babu naye, ndani ya chupa, anapuliza kisahani chake.

"Kiumbe ni kile kile, kimepewa jina mara mbili," anasema Mwenyekiti. "Jina la kwanza linabaki. Huyu afutwe."

Karani anachukua ufutio wa shule, ule wenye ncha nyekundu na ncha ya buluu, anaanza na kidole kidogo cha mguu wangu wa kushoto. Kinatoka. Hakiumi hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Ngojeni!" napiga kelele. "Ipo tofauti!"

"Itaje. Moja tu inatosha."

"Mimi nina simu."

"Simu si kiungo."

Nafikiri. Tangu nikiwa mdogo watu wananiambia, "Wewe ni Babu yako mtupu," nami nilikuwa natabasamu, nikidhani nasifiwa. Pale nikiwa kichwa chini, nikaona uchungu wa kweli. Sikuwa na hata kitu kimoja ambacho ningesema ni changu.

"Tupige kura," anasema Mwenyekiti. "Wanaotaka afutwe, wanyooshe mikono."

Ananyoosha mikono yake yote, na ukumbi unaingia giza. Wajumbe wengine wana mikono kumi kumi, na hawakuona sababu ya kujisumbua. Karani anahesabu, anapotea, anaanza upya, anapotea tena. Hatimaye anasema anaona inatosha.

"Wanaopinga?"

Nanyoosha miwili yangu.

"Hoja imepita," anasema Mwenyekiti. Kidole cha pili kinatoka.

Hapo Babu anagonga kioo. "Mwenyekiti, taarifa."

"Taarifa, mzee."

"Hata mimi nilipewa jina la babu yangu. Kikohozi hiki ni chake. Kama ni kufuta, anzeni na mimi."

"Na babu yako?"

"Lilikuwa la babu yake. Na wewe Mwenyekiti, Mwajabu ni jina la nani?"

Wajumbe wanaacha kunywa chai.

"La bibi yangu," anasema Mwenyekiti, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa shangazi.

Karani, ambaye ni mtu wa kufuata utaratibu, anageuka taratibu na ufutio wake, anamwelekea yeye.

Daktari alishatuambia kwamba nyota-manyoya akitishwa huangusha mikono. Mkono wa faili unaanguka, wa kisu unafuata, kisha yote inapukutika na kutambaa sakafuni kila mmoja na njia yake. Mwenyekiti anabaki kitini na udi wake tu.

"Akidi haijatimia," anasema karani. "Hatuwezi hata kufunga kikao, mpaka apatikane mwenye jina ambalo hakulirithi kwa mtu."

Anaonyesha mfuniko wa chupa. Pale amesimama nyota-manyoya mdogo kama ukucha, juu ya kikonyo chembamba kama uzi. Hivyo ndivyo wanavyoanza maisha: wanashikizwa kwa kikonyo, mpaka siku kinapokatika. Huyu ana kidole gumba kinachotazama pembeni.

"Hajaandikwa," anasema karani. "Baba yake nani?"

"Mimi."

"Anaitwa nani?"

Mwenyekiti ananitazama. Hana mkono hata mmoja, na bado namwogopa. "Naam, shangazi" imeshafika kwenye ulimi.

"Tamimu," nikasema.

Kikonyo kinakatika. Mdogo anaogelea juu, anapigapiga mikono yake mitano, bila kuaga mtu.

Babu anacheka mpaka anakohoa. "Andika, karani. Tofauti imepatikana. Mimi nilipoulizwa, nilisema 'Naam, shangazi.'"

Nikaamka. Kumeshakucha, na Siwema ameketi kitandani na mtoto.

"Kitovu kimedondoka," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu jana.

"Nimeweweseka usiku?"

"Hata. Ulikuwa unarusha mateke tu, kimya kimya."

"Lile jina umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani, na wewe umeshamwitikia shangazi yako?"

Kabla sijajibu, sauti ya Bi Mwajabu ikatoka uani.

"Baba Tamimu! Hebu njoo unishikie kikombe hiki. Mikono yote imekufa ganzi, sijui nimeilalia vipi."

Siwema akanitazama, nami nikamtazama.

"Naam, shangazi," nikaitikia. Nikahesabu vidole vya mguu wa kushoto, nikatoka.