"Au" ya Kaskazini

Nilijipa siku tisa kabla ya kumwita shemeji yangu mwizi. Siku ya kumi tangu nimkabidhi tovuti yangu nilifungua ukurasa wa "Waliotengeneza" nikakuta jina lake peke yake, limejinafasi kama mtu aliyekalia viti viwili.

Ile tovuti niliitengeneza mimi, miezi saba, kwenye meza ya jikoni kwa dada yangu. Unasimama mahali, unachagua upande, Kaskazini, Kusini, Mashariki au Magharibi, nayo inakuonyesha maduka, karakana na zahanati za karibu, za upande huo tu. Chama cha wafanyabiashara kilitaka kuichukua na kumwajiri aliyeitengeneza aitunze. Kazi hiyo ndiyo niliyokuwa naingoja. Lakini mwenye suti na maneno alikuwa shemeji, nikampa aipeleke kwa niaba yangu.

"Usilete maneno," dada aliniambia nilipomweleza. "Yule mume wangu, wewe mdogo wangu. Mnataka nikae upande gani?"

Nikaosha kikombe changu, nikaondoka. 

Wiki moja kabla ya siku ya kuionyesha kwa chama, shemeji akanipigia simu.

"Kimya," akaniita kwa jina alilonibandika, "nasafisha kazi yako hapa. Kuna mahali ulisinzia, ujue. Mashariki umeandika digrii zaidi ya 45 na chini ya 135. Kusini 'na', Magharibi 'na'. Kufika Kaskazini, eti 'au'!"

Nilikuwa namenya vitunguu. Nikaweka kisu chini. Ile "au" ilikuwa imenila siku kumi na moja.

"Umeigundua mwenyewe?"

"Macho haya hayapitwi na kitu. Nimeweka 'na' zote nne. Sasa zimekaa sare."

"Na umejaribu?"

"Nimejaribu zote, hapa hapa ofisini."

Ofisi yake ndiyo ya mwisho mjini upande huo. Kaskazini yake ni pori tupu. Ukurasa mtupu usingemshtua.

"Basi fanya unavyoona, shemeji," nikasema, nikachukua kitunguu kingine.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Dada alikaa safu ya mbele, katikati kabisa. Mimi nilikaa nyuma, karibu na mlango. Shemeji alibonyeza Kusini, picha ikajaa ukutani, watu wakapiga makofi. Mashariki, makofi. Magharibi, makofi. Akaanza kufunga kompyuta.

Nikanyoosha mkono. "Samahani, shemeji. Tuonyeshe na Kaskazini."

Akabonyeza. Ukutani yakatokea maneno matatu: *Hakuna mahali palipopatikana.*

Mwenyekiti wa chama, muuza vifaa vya ujenzi mwenye sauti nene, akageuka kutazama dirishani. "Duka langu liko kaskazini, ng'ambo ya barabara. Bango lile pale naliona. Limehama tangu asubuhi?"

"Basi na mimi nimehamishwa," fundi cherehani, jirani yake, akadakia. "Nani kanibebea cherehani?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Ni mtandao tu, wazee wangu," shemeji akasema.

"Mtandao unabagua pande?" mwenyekiti akauliza.

Shemeji akabonyeza tena. Akabonyeza mara ya tatu. Jasho lilimtoka mpaka kola ikabadilika rangi. Ningeweza kusimama mapema. Nilisubiri mara ya nne.

"Dira ni duara," nikasema nikiwa nimesimama. "Kaskazini ndipo hesabu inapofika 360 na kuanza tena sifuri. Upande huo unaanzia 315, unavuka sifuri, unaishia 45. Ukiandika 'na', unaituma kompyuta ikatafute namba iliyozidi 315 na wakati huo huo iko chini ya 45. Itatafuta mpaka izeeke. Pale panatakiwa 'au'."

"Na hiyo 'na' aliiweka nani?" mwenyekiti akaniuliza.

"Aliyesafisha."

Mwenyekiti akamtazama shemeji. "Bwana, hii kaitengeneza nani?"

"Tulisaidiana... kifamilia."

"Basi tuirekebishe kifamilia," nikasema. "Andika wewe, shemeji. Mimi nitakuelekeza."

Akaandika "au" huku ukumbi mzima ukimtazama ukutani. Akabonyeza Kaskazini. Duka la mwenyekiti likatokea la kwanza, mita thelathini, na la fundi cherehani chini yake. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wananisubiri mimi.

"Sasa fungua 'Waliotengeneza'. Futa lililopo."

Akafuta, herufi moja moja. Kisha vidole vikasimama juu ya vitufe. Miaka sita tunakula meza moja, nikiitwa Kimya.

"Jina lako kamili," akauliza chinichini, "linaandikwaje?"

"Hatusikii huku!" fundi cherehani akasema.

Akauliza tena, kwa sauti. Dada alikuwa ameinamia mikono yake.

Nikamtajia herufi ya kwanza, nikangoja aibonyeze. Nikamtajia ya pili. Ya tatu akaikosea.

"Futa yote, shemeji," nikamwambia. "Tuanze upya."