Kamba Wekundu wa Chumba cha Binti

Fundi bomba alipoamka hakupiga mswaki wala hakuvaa viatu. Alikwenda moja kwa moja chumba cha binti yake, akainama mbele ya tangi la kioo. Kamba mwingine alikuwa amelala ubavu juu ya changarawe, wekundu wake umepauka kama kitambaa kilichofuliwa mno. Jana alitoa mfu, na juzi vilevile.

"Mama watoto," aliita, "wanaendelea kufa hawa!"

Mkewe alichungulia mlangoni, kitana kimening'inia kwenye nywele. Yeye chumba hicho hakuingia, kwa sababu vitu vyenye miguu mingi vilimsisimua mwili.

"Mpigie mwenye mali basi."

"Nimwambie nini?"

"Si umwambie vidudu vyake vinakufa? Au unataka kumtungia hadithi?"

Ilikuwa rahisi kwa mkewe kusema hivyo. Yeye na binti walizungumza kila siku, wakacheka, wakasengenya. Fundi bomba na binti yake hawakuwa hivyo tena. Alikuwa amewabembeleza watu wazima kwa vijana mpaka akampatia kazi ya ofisini, ya kukaa kwenye kiti cha kuzunguka, na binti akaiacha. Akaenda mbali, kwenye kituo cha kuzalisha samaki, kukanyaga matope kwa hiari yake. Baba na mwana waliachana kwa maneno makali. Tangi binti alilibakiza nyumbani kwa sababu halikubebeka, na tangu hapo baba alipopigiwa simu ilikuwa ni kwa ajili ya kamba tu. Wamekula? Wamejivua magamba? Nani ana mayai? Mazungumzo yalikuwa mafupi, lakini yalikuwapo. Sasa kamba wakiisha, mtu na mwanawe watazungumza nini?

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuwa amekosea lolote. Maelekezo yote aliyafuata kama dawa ya hospitali. Maji ya kuongezea aliyakinga asubuhi na mapema, akayaacha kwenye ndoo mpaka kesho yake ili ile dawa ya maji ya bomba iishe. Chakula aliwapa kidogo, punje chache tu. Pampu ya hewa ilikuwa inapuliza, na kichujio cha sponji kilikuwa kinatoa mapovu kama kawaida. Sasa kosa liko wapi?

Alitoka kwenda kazini lakini kazi haikuenda. Alikaza bolti mpaka ikakatika kichwa. Mwenye nyumba aliyemwita alimwuliza kama anaumwa, akasema ni usingizi tu. Kabla ya adhuhuri alifunga mkoba wa vifaa akarudi nyumbani.

Hali ilikuwa imezidi kuwa mbaya. Kamba waliobaki hawakuwa wanadonoadonoa majani kwa utulivu wao wa siku zote. Walikuwa wakiruka huku na huko, wanagonga kioo, wanapanda mpaka juu ya maji kana kwamba wanatafuta mlango. Na yule jike mkubwa ambaye binti alimwita Bi Mkubwa, mwenye mayai tele chini ya tumbo, alikuwa amejibanza pembeni. Vimiguu vyake vya kupepea mayai vilikuwa vinasita, vinapepea, vinasita tena. Huyo ndiye ambaye binti alikuwa akimngojea. Alikuwa amechagua wazazi wake na wazazi wa wazazi wake, apate rangi ile iliyokolea.

Fundi alipiga simu.

"Shikamoo baba. Kuna nini saa hizi?"

"Marahaba. Mwanangu, kamba wako wanakufa."

Upande wa pili maswali yakaanza kumiminika. Amepuliza dawa ya mbu? Hapana. Ametia mkono wenye sabuni? Hapana. Mama yake amepiga deki na dawa ya harufu? Chumba haingii, binti anajua mwenyewe.

"Baba, fikiri vizuri. Kuna kitu gani kipya humo ndani?"

Fundi bomba aliangalia dari, akaangalia sakafu. Kisha akageuka kutazama upande wa jikoni.

"Bomba," alisema. "Lile la jikoni lilikuwa linavuja. Nimeweka jipya."

"La plastiki?"

"La shaba."

Alikuwa amelileta kwa fahari, limebaki kwenye kazi moja kubwa. Alimwambia mkewe kwamba bomba lile litawazika wote. Na kila asubuhi alikinga maji ya kwanza kabisa, yaliyolala humo usiku kucha.

"Baba," binti alisema polepole, "shaba inaua kamba. Hata ile iliyoyeyuka majini, usiyoiona."

Alitaka kukaa chini lakini binti hakumpa nafasi. Alimtaka atafute maji mengine, yasiyopita kwenye shaba, yaliyokaa siku kadhaa. Fundi alishika ndoo mbili akatoka mbio na kandambili za mkewe. Jirani yao, mshonaji, alikuwa na mapipa ya akiba uani. Alipomwona na ndoo alisimamisha cherehani.

"Kwa fundi bomba maji hakuna? Makubwa haya!"

"Dada, unicheke kesho. Leo nisaidie."

Alicheka palepale, lakini alimfungulia pipa, akambebea ndoo ya pili mpaka mlangoni.

Maji hayo nayo hayakufaa kumwagwa kwa pupa, kwani mabadiliko ya ghafla yangewamaliza waliobaki. Binti alimwelekeza: achote nusu ya maji ya tangi ayatupe, aweke ndoo juu ya kabati, ashushe mrija mwembamba hadi tangini, aufunge fundo, maji yadondoke tone kwa tone. Mtu aliyemaliza ujana wake akiziba matone akawa anasumbuka kutengeneza tone moja lenye mwendo mzuri. Likija kasi anakaza fundo, likikwama analegeza, jasho linamchuruzika.

Simu ilikuwa kitandani, sauti imefunguliwa. Hawakuwa na la kufanya ila kungoja. Binti akaanza kusimulia bila kuulizwa: mabwawa ya kule, samaki wazazi wazito kama watoto wachanga, bosi wake anayeogopa vyura. Fundi alisikiliza, macho kwenye tangi. "Ehe," alisema kila mara. "Kisha?"

Jioni Bi Mkubwa akaacha kupepea. Fundi alimgusa kwa kijiti, hakujongea.

"Amekwenda," alisema.

"Mayai unayaona? Yana vidoti vyeusi?"

Alivaa miwani yake ya kusomea. "Yanavyo."

"Hayo ni macho, baba! Wamo hai. Yatoe, taratibu. Usiyakamue, mikono yako imezoea spana."

Kwa kijiti cha meno, akizuia pumzi, aliyachambua yale mayai moja moja, akayaweka kwenye chujio jipya la chai la plastiki, akalitumbukiza juu ya mapovu yayatikise badala ya mama yao. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliingia ndani kwa mara ya kwanza akamshikia taa. "Chujio langu hilo," alinong'ona.

Kesho yake aling'oa bomba la shaba. Vifo havikukoma mara moja. Wengine walikufa wakiwa tayari wamepata nafuu, na kila mfu alimwingiza hofu upya. Baadhi ya mayai yaliota ukungu mweupe, akayatupa. Lakini siku moja aliinama akaona kitu kwenye wavu wa chujio, chembamba kama uzi, kinaonekana mpaka ndani, kina macho. Halafu kingine, kando yake.

Alimpigia binti simu akashindwa kusema, akampa mkewe aseme.

"Wamezaliwa," mama alisema, akarudisha simu upesi maana alikuwa karibu mno na kioo.

Binti alilia, kisha akasema hatakuja mpaka likizo, na vichanga hufa ovyo, hivyo baba asifurahi mapema. Fundi alisema ameelewa. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya tangi, akaanza kuwatafuta upya mmoja mmoja, akihofia kuvuta pumzi kwa nguvu.