Kufuli Lililofungwa Tena

Afisa wa polisi aliliweka kufuli la ghala juu ya meza yangu, kati ya tupa na kopo la mafuta. "Fundi, wezi gani hawa? Wamebeba redio zote, kisha mmoja akabaki kufunga mlango. Mlinzi alimwona mgongo tu."

Nililigeuza. Halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Moyo ulijaa fahari kabla haujajaa hofu, na aibu ya jambo hilo ninayo hadi leo.

Nyuma yangu mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na sita, aliacha kuchonga ufunguo.

Mama yake, dada yangu, alipofariki, nilimlea kama nilivyolelewa mimi bwenini: kengele alfajiri, shuka isiyo na kunyanzi, mlo bila maongezi. Mchelea mwana kulia hulia yeye; nami sikumchelea. Nilimfundisha ufundi na sheria yake: fundi hufunga alichokifungua. Kwangu hakucheka. Alicheka kibarazani kwa vijana waliomwita Daktari, na mimi wakaniita Bwana Kengele.

Afisa alitoka nje kupokea simu.

"Mjomba," alinong'ona, "walitaka tulikate kwa msumeno. Nikawaambia kwetu hatukati."

"Na kulifunga?"

"Si ulinifundisha wewe? Walinicheka. 'Daktari, mgonjwa keshakufa, bandeji ya nini?' Wakakimbia."

"Uliwafuatia nini watu wale?"

Alifikiri. "Huwa wananiuliza kama nimekula."

Nililigeuza tena kufuli mkononi.

"Sema hujui, Mjomba. Neno moja tu."

Shuleni kwetu mwongo alisimamishwa uwanjani mbele ya shule nzima. Katika miaka sita sikusimamishwa hata mara moja.

Afisa alirudi. "Haya, Fundi. Mkono wa nani huu?"

"Wa nyumba hii," nilisema.

Mpwa wangu alizifuta tupa, akazipanga kwa ukubwa kama nilivyomzoeza, kisha akamnyooshea afisa mikono. Wenzake hakuwataja, hata mahakamani.

Kila Jumamosi mimi huenda katika jela ya watoto, shati limepigwa pasi, na kila Jumamosi askari wa lango hunirudishia jibu lile lile: hataki mgeni. Vijana wa kibarazani hunipita pale pale langoni. Hao yeye huwapokea.