Swali la Chuma

Rispa hakuiamini chai ya watu wale. Tangu lini hospitali ikampa mtu chai na mandazi bure? Aliisukuma kando, akamshika mumewe mkono kana kwamba kuna mtu atamnyakua. Walter mwenyewe alikuwa anatabasamu tu. Tangu ugonjwa wa kusahau umshike, alitabasamia hata mbuzi.

Wazo la kuja Homa Bay lilikuwa la mtoto wao, Wesley. Kuna watafiti, alisema, wanapiga picha za ubongo wa wazee wenye Alzaima. Rispa aliguna. Watafiti! Wazee wote wa kijiji chao cha Masara, penye machimbo yote yale ya dhahabu, wamwone Walter peke yake?

Muuguzi aliingia, dada mchangamfu. "Hatumtii umeme wowote, mama," alisema. "Ubongo una maji na chumvi, na umeme hupita humo. Tunataka kujua kwa picha tu kama ugonjwa huu unabadilisha jinsi umeme huo unavyopita."

Rispa hakuwa anamsikia. Macho yake yalikuwa kwenye kitambulisho kifuani pa dada yule: Emmaculate Orina. Na lile paji la uso! Mungu wangu, ni la baba yake tupu.

Orina na Walter walikuwa chanda na pete, wakichimba shimo moja. Siku shimo lilipoporomoka, Walter aliponyoka, akakimbia hadi nyumbani kwa woga, asimwite mtu. Orina alibaki chini. Walipokuja kumfukua, alikuwa ameshakata roho. Kijiji kikaambiwa Walter alikuwa Kendu Bay matangani, na aliyekiambia ni Rispa, macho makavu. Binti wa Orina alikuwa mgongoni mwa mama yake siku ya mazishi.

Sasa maradhi yalikuwa yanamfungua Walter mdomo. Anakula ugali, mara anasema, "Orina, shika kamba." Kumbe ndiyo maana wameitwa! Wanataka kumchokonoa mzee kichwa hadi aseme.

"Jaduong', mzee wetu huyu, amewahi kufanya kazi ya kugonga vyuma?" Emmaculate aliuliza. "Kuna kipande kimewahi kumwingia jichoni?"

Haya, mtego wenyewe ndio huo! Kipande cha patasi kilimrukia Walter jicho la kushoto siku ileile, shimoni. Hakikutolewa. Daktari angeambiwa kimetoka wapi?

"Hapana," Rispa alisema. "Mume wangu ni mkulima."

"Una hakika, mama? Mashine ile ni sumaku kubwa. Chuma kikiwa jichoni kitavutwa, kinaweza kumpofusha."

"Nimesema hapana! Unataka niape?"

Wakamchukua. Rispa alisimama kwenye dirisha la kioo akimtazama mumewe akilazwa kwenye kitanda chembamba mbele ya tundu la ile mashine. Walter aligeuza kichwa kumtafuta. Jicho la kushoto lilikuwa linatoa machozi, kama kawaida yake. Kitanda kikaanza kusogea.

"Simamisheni!" Rispa aligonga kioo kwa ngumi zote mbili. "Ana chuma! Kimo jichoni!"

Kitanda kilirudishwa. Emmaculate alitoka amemshika Walter mkono, anahema. "Kwa nini ulinificha, mama? Kiliingia lini?"

"Siku shimo la Masara lilipoanguka." Rispa aliushika mkono wa pili wa mumewe. "Alikuwa ndani na baba yako, nyathina, mwanangu. Akakimbia. Mimi ndiye niliyedanganya watu."

Emmaculate hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Rispa alimwona usoni kwamba hapakuwa na mtego wowote. Msichana hakujua lolote, alikuwa anafanya kazi yake tu.

"Baba alikuwa hai?" aliuliza polepole. "Alikuwa anaita?"

Rispa alifungua kinywa. Uongo ulikuwa tayari ulimini, alikuwa ameuzoea. Lakini Walter alimtangulia. Alikuwa amemkazia Emmaculate macho, na tabasamu lilikuwa limemtoka kabisa.

"Bado anaita," alisema. "Leteni kamba."